UZI MREFU: Smash ijayo itamwalika nani? Tufuate milango iliyokwisha kufunguliwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, kaeni mkao wa kula.

Kila zikitajwa gemu za ngumi zinazoalika wahusika wa gemu nyingine, kama Super Smash Bros. ya Nintendo, mjadala humu unakwenda vilevile. Mmoja anaandika "namtaka Kratos", wa pili anamtaka Goku, wa tatu Naruto, halafu tunabishana kurasa kumi na tano nani ana nguvu kuliko mwenzake. Nguvu za mhusika hazihusiani kabisa na kualikwa kwake. Nimelifuatilia jambo hili tangu utotoni na hoja yangu ni moja: mgeni hupita kwenye mlango ambao kampuni mbili zilishaufungua kwa shughuli nyingine. Ukiujua mlango, jina litakuja lenyewe.

Nianze nilikoanzia. Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilikuwa na televisheni mbili za kichogo, na moja haikutoka Tekken 3 tangu asubuhi mpaka usiku. Ukipigwa unaachia pedi. Siku moja kijana wa nyumba ya tatu akaja na memori kadi yake, akamchagua kiumbe ambaye hatujawahi kumwona: Gon, dinosaria mdogo asiyefika hata kiunoni mwa Paul. Wewe umezoea kuwamaliza watu kwa ngumi za haraka za Law, ghafla zote zinapita hewani juu ya kichwa chake, na yeye huku chini anakuchapa mkia. Tulipigwa foleni nzima. Mwenye kibanda akachana karatasi ya daftari, akaandika GON MARUFUKU kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani, na ilikaa pale mpaka kibanda kilipofungwa.

Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba Gon si wa Tekken. Ni wa manga ya Masashi Tanaka, hadithi ya picha tupu isiyo na neno hata moja la mazungumzo, Namco wakamwazima. Tangu siku hiyo kila nikimwona mgeni kwenye gemu huwa najiuliza swali lilelile: nani alikaa na nani mpaka huyu akafika hapa?

Sasa chukueni mfano wa karibuni. Mwaka 2025 SNK, kampuni ya gemu ya Japani, walipotangaza kuwa Cristiano Ronaldo yumo kwenye Fatal Fury: City of the Wolves, watu walishangaa kana kwamba ametoka mawinguni. Mchezaji mpira, anawatwanga watu kwa mpira, bega kwa bega na Terry Bogard! Lakini fuata nyayo. Mwaka 2022 taasisi ya MiSK ya mwanamfalme Mohammed bin Salman, kupitia kampuni yake ya gemu, ilifikisha umiliki wa asilimia 96 ya SNK. Mwisho wa mwaka huohuo Ronaldo akasaini Al-Nassr ya Riyadh. Mwaka 2023 mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia ukachukua asilimia 75 ya Al-Nassr. Aliyekuwa anasoma kurasa za biashara angeweza kumtaja Ronaldo mapema. Kwenye orodha za mashabiki mimi sikuwahi kuliona jina lake hata mara moja.

Tekken nayo ni hivyohivyo. Akuma wa Street Fighter, gemu ya Capcom, alitangazwa kwenye Tekken 7 mwaka 2015, lakini Capcom na Namco walishakaa meza moja kabla, ndiyo maana 2012 tulicheza Street Fighter X Tekken. Mwaka 2018 akaja Noctis wa Final Fantasy XV. Tekken 8 ilipotoka 2024, mgeni wake wa kwanza akawa Clive wa Final Fantasy XVI, Desemba mwaka huohuo. Wote wawili ni wa Square Enix ileile. Mortal Kombat 1 ilipitisha watu wawili kwenye mlango wa Amazon ndani ya kifurushi kimoja, Omni-Man na Homelander, wote wa vipindi vya Amazon. Street Fighter 6 ilimpokea Terry wa SNK Septemba 2024, Mai akafuata Februari 2025, na kwa upande wa pili SNK wakawapata Ken na Chun-Li. Kazi ngumu ni mkataba wa kwanza. Wanasheria wakishafahamiana, wa pili unaandikwa kwa haraka.

Na mlango uliofungwa haufunguki hata mkubwa wa gemu akiupiga kwa ngumi. Katsuhiro Harada, aliyeisimamia Tekken miaka mingi, alieleza mwenyewe kwamba alitamani sana kumweka Colonel Sanders, yule mzee wa KFC, na alikwenda kuwaomba wenyewe kule Japani. Walikataa katakata. Mtu mwenye Tekken mkononi mwake, anayejua tayari atampa mzee mateke gani, na bado aliambiwa hapana.

Nije kwenye Smash yenyewe. Nitakaa kidogo kwa Sora, yule kijana wa Kingdom Hearts, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuliko wote.

Mwaka 2015 Nintendo walifungua kura: mtu yeyote aandike jina la mpiganaji anayemtaka. Desemba akatangazwa Bayonetta, tukaambiwa ameongoza miongoni mwa wale waliowezekana. Hayo maneno "waliowezekana" wengi wetu tuliyapita bila kuyatazama mara mbili. Miaka karibu sita ikapita. Tarehe 5 Oktoba 2021 Masahiro Sakurai, fundi mkuu wa Smash, anafanya onyesho la mwisho la Smash Ultimate, toleo la 2018. Wapiganaji wote wamesimama kama sanamu. Mario anaokota cheche ya moto, ule moto wa kwenye trela ya kwanza ya 2018, anairusha, inageuka tundu la ufunguo, na humo anatoka Sora na Keyblade yake, ule upanga wenye umbo la ufunguo. Kisha Sakurai akatueleza: kwenye kura ile ya 2015, namba moja alikuwa Sora.

Kwa hiyo mtu aliyeombwa kuliko wote duniani alikaa nje miaka yote hiyo. Haki zake zimo mikononi mwa Disney. Sakurai alisimulia kwamba alikutana na mwakilishi wa Disney kwenye hafla ya tuzo, akamsikia akisema wangefurahi kumwona Sora kwenye Smash, na hata baada ya hapo mazungumzo yalikuwa marefu. Ingieni kwenye uwanja wake, Hollow Bastion, mkamtafute Donald au Goofy. Hawapo. Mimi alama ya Disney niliyoiona ni ile cheni inayoning'inia kwenye mpini wa Keyblade. Nilisimamisha pambano, nikasogeza kamera mpaka ikajaa kwenye kioo: duara moja kubwa na mawili madogo juu yake, kichwa cha Mickey. Nikikitazama kidude kile nayaona mazungumzo yote ya kampuni hizo.

Sasa utabiri wangu wa Smash ijayo, itakapokuja.

Wa kwanza ni Crash Bandicoot. Sisi tulimjua kama mtoto wa PlayStation tangu 1996, lakini mwenye nyumba amebadilika. Microsoft ilimaliza kuinunua Activision Blizzard Oktoba 2023, na Crash alikuwemo ndani. Microsoft hiyohiyo ndiyo iliyotoa Banjo, yule dubu wa Banjo-Kazooie, mwaka 2019 na Steve wa Minecraft mwaka 2020. Mlango umepitwa mara mbili na Sakurai mwenyewe. Gemu za Crash ziko kwenye Switch tangu 2018. Na mapigo yapo tayari: anazunguka kama pia, anateleza, anajipigiza chini kwa tumbo, ana kile kinyago Aku Aku cha kumkinga. Sioni kinachokosekana.

Wa pili ni Mwindaji wa Monster Hunter. Capcom walishatoa Mega Man, Ryu na Ken. Rathalos, joka la kwenye Monster Hunter, tayari ni adui mkubwa ndani ya Smash Ultimate. Na Mwindaji alishapigana ndani ya Marvel vs. Capcom: Infinite, kwa hiyo Capcom wanajua anavyokaa kwenye gemu ya ngumi.

Goku, wakuu, tumwache. Kila mpiganaji wa Smash amezaliwa kwenye gemu. Goku amezaliwa kwenye manga, na Sakurai hajawahi kuuvunja mpaka huo.

Nawasilisha. Karibuni tubishane.

#2

Mkuu uzi umeshiba, lakini kwa Monster Hunter nakupinga. Mwindaji alishatolewa kama vazi la Mii kwenye Ultimate. Mhusika akishafanywa vazi maana yake ndiyo basi tena, wamemaliza naye. Kanuni hii tunaijua wote.

#3 Mleta uzi

Kwa wasiojua: Mii ni vile vikaragosi vya Nintendo unavyovitengeneza mwenyewe na kuvivisha nguo za wahusika wengine, kofia na joho, basi.

Mkuu, kanuni hiyo inafanya kazi ndani ya gemu moja. Gemu ikibadilika inakufa. King K. Rool kwenye Smash ya Wii U alikuwa vazi la Mii. Kwenye Ultimate ni mpiganaji kamili, na mzito kwelikweli. Inkling wa Splatoon naye alianzia kwenye mavazi. Isabelle alikuwa msaidizi, yule unayemwita anafanya kitu kimoja na kuondoka, sasa anapigana mwenyewe na ndoano yake ya samaki. Little Mac alikuwa msaidizi kwenye Brawl, Smash ya 2008, Smash iliyofuata akavaa glavu rasmi.

Mimi vazi nalisoma tofauti na wewe. Kutengeneza vazi kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Kwa hiyo ukiona vazi, jua kuna watu walishaandikiana barua, wakakubaliana bei, wakapitisha picha. Tena ukitaka orodha nzuri ya kutabiri, usianze na wahusika maarufu. Anza na mavazi ya Ultimate: Vault Boy wa Fallout, yule Dovahkiin mwenye kofia ya pembe, Doom Slayer. Wote watatu walitoka Bethesda, na Bethesda tangu Machi 2021 ni mali ya Microsoft. Mnauona mlango ulivyopanuka?

#4

Niko Riyadh mwaka wa sita sasa. Nithibitishe hilo la Ronaldo. Esports World Cup ilianza hapa 2024, Tekken 8 na Street Fighter 6 zikiwemo. Mwaka 2025 wakaiongeza City of the Wolves, na balozi wa mashindano hayo akawa Ronaldo huyohuyo. Hapa kazini kuna Wamisri na Wahindi hawajawahi kushika gemu ya SNK maishani, ila picha ya Ronaldo akiwa mpiganaji kila mmoja alinionyesha kwenye simu yake. Walitaka kufikia watu kama hao, na wamewafikia.

Ila naumia kidogo kama mpenzi wa Fatal Fury. Tulisubiri muendelezo wa Garou, Fatal Fury iliyotangulia hii, tangu 1999, halafu nafasi inakwenda kwa mchezaji mpira na kwa DJ, Salvatore Ganacci.

#5 Mleta uzi

Mkuu wa Riyadh, maumivu hayo nayaelewa na sitaki kuyapuuza. Mgeni anakula muda wa mafundi. Kila siku waliyomchora Ronaldo ni siku ambayo hawakumchora mtu wa Garou. Ndiyo maana naona ni haki yetu kuuliza mgeni ameletwa na nani na kwa faida ya nani. Geese Howard, adui mkuu wa Fatal Fury, alipoingia Tekken 7 hakuna aliyeuliza, kwa sababu ukimshika unasikia mtu aliyemtengeneza alimcheza Geese kwa miaka. Mapigo yake yote yako mahali pake, hata ile ya kumpokea adui na kumtupa.

#6

Wakuu kuna picha inazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Inaonyesha bango la Smash mpya na sura zote za wapiganaji, limepigwa picha kiwandani. Crash yumo! Mleta uzi utabiri wako umetimia. Picha inaonekana ya kweli kabisa, nyuma kuna mabango ya filamu ambayo bado haijatoka. Niipandishe?

#7 Mleta uzi

Ipandishe tuione, lakini kabla ya kuiamini nisikilize, maana hii nyimbo nilishaicheza.

Oktoba 2018, wiki chache kabla ya Ultimate kutoka, ilizuka picha kama hiyohiyo. Ilisemekana imetoka kwa mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji nchini Ufaransa. Inaonyesha bango la Smash, na juu yake wamo watu ambao walikuwa bado hawajatangazwa: Ken, Isaac, Geno, Shadow, Banjo, Mach Rider na wale watoto wa Rhythm Heaven. Yaani kila shabiki aliyekuwa na mtu wake wa moyoni alimkuta pale. Na pembeni ya picha, kwa bahati, palionekana michoro ya matangazo ya filamu ya Grinch iliyokuwa inakuja mwaka huo.

Huyo Grinch ndiye aliyetumaliza. Watu walifukua intaneti nzima, wakathibitisha kwamba michoro ile ya Grinch ni halisi na haikuwa imesambazwa. Wakasema: kama Grinch ni wa kweli, na bango nalo ni la kweli. Mimi nilikesha usiku mzima nikilinganisha vivuli kwenye uso wa Geno. Nilimpigia simu kaka yangu saa saba za usiku kumwambia Banjo amerudi.

Tarehe 1 Novemba Nintendo wakafanya onyesho lao. Akatangazwa Ken, moyo ukaruka. Halafu Incineroar, ambaye kwenye lile bango hakuwepo. Halafu Piranha Plant, ua la kwenye bomba, atakuja baadaye. Onyesho likaisha. Isaac akaishia kuwa msaidizi, Shadow msaidizi kama zamani, Geno hakuna. Banjo alikuja kweli mwaka uliofuata, lakini kwa njia yake mwenyewe, si kwa bango lile.

Nilichokipata pale ni hiki. Tulipima kitu ambacho si chenyewe. Grinch alikuwa halisi na bango lilikuwa la kughushi, vimewekwa kwenye picha moja. Kwa hiyo mkuu, picha yako ikiwa na mabango ya filamu nyuma, hayo mabango hayatuambii kitu chochote kuhusu Smash. Na mimi kumkuta Crash humo hakunifurahishi, kunanitia wasiwasi. Anayeghushi huweka majina yanayotarajiwa. Nani angeghushi bango akaweka Piranha Plant?

#8

Hoja ya milango naikubali nusu. Kama mapenzi ya watu hayana kazi, Sora angekuja kwa nini? Disney hawana njaa. Alikuja kwa sababu miaka yote watu hawakuacha kumtaja. Banjo hivyohivyo, watu walimlilia tangu enzi za Nintendo 64. Ukisema mapenzi hayana maana unawakatisha tamaa watu.

#9 Mleta uzi

Umenibana vizuri na nakubali kurekebisha. Niliandika kwa hasira ya kurasa kumi na tano za Kratos na Goku, nikaisogeza hoja mbali mno.

Niseme hivi: mapenzi ndiyo yanayomweka mtu kwenye orodha ya Sakurai, lakini mlango ndio unaoamua lini, na kama kweli. Sora alikuwa wa kwanza kwenye orodha tangu 2015 na akaingia wa mwisho kabisa. Bayonetta alikuwa chini yake na akaingia mapema, kwa sababu gemu yake ya pili Nintendo waliigharimia wenyewe, ilitoka Wii U peke yake mwaka 2014. Bila kura, pengine mtu wa Disney asingekuwa na la kusema kwenye ile hafla. Bila ile hafla, kura zingebaki kura.

Na kuna jambo la tatu ambalo sikuliandika: mikono ya fundi. Sakurai anataka mtu anayeweza kupigana kwa namna ambayo haipo tayari. Steve anachimba na kujenga katikati ya pambano, na ili aweze kufanya hivyo ilibidi waviguse viwanja vyote vya gemu nzima, kimoja kimoja. Hilo mtu halifanyi kwa ajili ya jina kubwa tu.

#10

Ndugu zangu salaam kutoka Mombasa. Nimesoma tangu juu, na nashukuru kuona mjadala wa heshima. Mimi nina swali la moyoni. Katika majina yote hayo mmetaja Wajapani, Wamarekani, hata mnyama wa Australia. Sisi je?

Najua mtanitajia Elena. Nampenda Elena, nimefurahi aliporudi Street Fighter 6 Juni 2025. Ni Mkenya tangu Street Fighter III ya 1997. Lakini walimpa Kenya kisha wakampa kapoeira ya Brazili, na tangu nikiwa msichana mdogo najiuliza kwa nini. Nataka mgeni aliyezaliwa kwenye gemu yenye mizizi yetu. Nataka Zau. Mleta uzi, mpime kwa kanuni zako, na usinionee huruma.

#11 Mleta uzi

Dada, hili swali nililiogopa, kwa sababu Zau ndiye ninayemtaka kuliko Crash.

Kwa wasiomjua: Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alifiwa na baba yake, na gemu hii ameitoa ndani ya msiba ule. Zau ni mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba yake. Imejengwa juu ya visa vya Wabantu. Ukimsikia Zau akizungumza na Kalunga unajua Salim anazungumza na nani.

Sasa nimpime bila huruma kama ulivyosema. Mlango: gemu imechapishwa na EA, na EA haijawahi kumtoa mpiganaji hata mmoja kwenye Smash. Umefungwa. Gemu ndogo zilizopendwa duniani kote nazo ziliishia kwenye mavazi: Sans wa Undertale vazi, Cuphead vazi, Shovel Knight msaidizi. Zau hajafikia hata umaarufu wa hao. Kwa hiyo kama unaniuliza kama mtabiri, jibu ni hapana, si kwenye Smash ijayo. Nimeandika hapana hiyo kwa shida.

Lakini kwenye ile ya tatu, mikono ya fundi, anafaulu kuliko wote niliowataja. Zau ana vinyago viwili. Akivaa cha jua anapigana karibu kwa moto. Akivaa cha mwezi anapiga kutoka mbali. Anabadilisha kwa kitufe kimoja katikati ya mwendo, bila kusimama, kama mchezaji ngoma anayegeuza mguu. Smash walishafanya kitu cha jamii hiyo mwaka 2021 kwa Pyra na Mythra, wawili kwenye nafasi moja, kwa hiyo namna ya kumjenga wanaijua. Ukibonyeza chini na kitufe cha B: kubadili kinyago. B peke yake: kwa mwezi anarusha, risasi zikiisha anasubiri zijae kama kwenye gemu yake, kwa jua anachoma mkuki. Na ana uwezo wa kugandisha maji. Fikirieni yuko kwenye uwanja wenye maporomoko, anayagandisha, ukuta unasimama ghafla kati yake na wewe, anaurukia na kutoka juu yake anakushukia na kinyago cha jua.

#12

Asante kwa ukweli wako. Hapana yako imeniuma lakini imeniheshimu.

Basi kama tunamchora, tumchore vizuri. Pigo lake la mwisho liwe Kalunga. Asipige mtu. Asimame tu nyuma ya Zau, mkubwa kuliko uwanja, na wapinzani wafifie. Na mpiganaji wa Smash huwa na rangi nane za nguo. Nane, nimezihesabu. Nipeni moja ya leso.

#13

Niongeze kwa dada. Kwenye pozi la ushindi avue vinyago vyote viwili, aviweke chini, atazame juu. Mwanangu ana miaka tisa, nilimwonyesha Zau akasema "huyu anaongea kama babu". Mleta uzi nimeshawishika kuhusu Crash, lakini vazi la Mii la Zau naliweka kwenye utabiri wangu rasmi. Hayo mavazi umesema mwenyewe ni barua iliyokwisha kuandikwa.

#14 Mleta uzi

Mkuu #13, vazi nalikubali. Nalichukua na mimi, liandikwe: Crash mpiganaji, Mwindaji mpiganaji, Zau vazi. Uzi ubaki hapa, siku ya siku turudi tuufukue.

Dada wa Mombasa, rangi ya leso nimeshaanza kuichora kwenye karatasi ya ofisini. Nyekundu na nyeusi, pindo nene, kinyago cha jua katikati pale panapokaa mji wa leso. Anaporuka pindo linapepea na maandishi yanasomeka. Nimekwama hapo tu. Huku sisi tunaziita kanga, lakini kanga au leso haiendi sokoni bila jina, na lake sijalipata. Leteni majina.